Nyasi Ndani ya Kengele

Juu ya mlango wa chumba changu hapa Galbet, mtaa wa mji wa Garissa, imening'inia kengele ya mbao, na kila mvua inapokaribia huanza kunuka. Wageni hawaisikii harufu hiyo. Mimi naipata hata nikiwa jikoni: mafuta ya mkia wa kondoo, moshi, na jasho la ngamia ambalo halijatoka tangu nikiwa msichana wa kung'oka meno ya utoto. Wiki hii mvua inakaribia. Wiki hii hii mjukuu wangu Hodan amenitumia kitu kwenye simu na kuniamuru nibonyeze "kubali".

Hodan anafanya kazi Nairobi, kazi ya kompyuta, na akinieleza anachofanya huwa naitikia kwa heshima tu. Alizaliwa huko huko, na Kisomali chake kina mashimo kama barabara ya zamani ya kwenda Nairobi, kwa hiyo tunaongea Kiswahili. "Ayeeyo, ni kitu ya kubonyeza tu," ananiambia. "Ukibonyeza, mimi naona uko wapi saa zote. Ukipotea tena tunakufuata." Neno hilo "tena" ndilo lililoniudhi. Sikupotea. Nilitoka kwenda sokoni, nikajikuta karibu na daraja, nikasimama kutazama mto, na binti wa jirani akanishika mkono akanirudisha nyumbani. Nyinyi wa rika langu mnajua kwamba mtu anaweza kusimama mahali akifikiri. Lakini watoto wetu, ukisimama kidogo tu, wanaitisha kikao.

Basi nimekaa na simu mapajani siku kadhaa, sibonyezi wala siifuti, na kengele inanuka juu ya kichwa changu. Habari za chombo cha kumwonyesha mtu aliye mbali sikuzisikia kwa Hodan kwanza. Nilizisikia nikiwa mtoto, ndani ya uzio wa miba, wakati wa vile vita ambavyo watu wa bara waliviita vya shifta, yaani majambazi.

Kabla ya uzio tulikuwa watu wa kufuata mvua. Kisha yakaja malori na askari, wazee wakaambiwa kila mtu ahamie kijiji kimoja nje ya mji wa Garissa, ili watu wa msituni wasipate maziwa wala mahali pa kujificha. Tulizungushiwa miba, na juu ya miba ukapitishwa waya. Lango lilikuwa moja. Filimbi ya asubuhi ililifungua na filimbi ya alasiri ikalifunga, na aliyekutwa mbali na kijiji baada ya hapo alihesabiwa shifta, hata awe na fimbo na mbuzi watatu tu. Kwenda mtoni kuteka maji ilikuwa kwa foleni, askari mbele na askari nyuma. Ardhi iliyotuzunguka ililiwa mpaka ikabaki vumbi, mbuzi wakala mikeka, kisha wakaanza kufa. Uvundo wao ulikaa ndani ya uzio pamoja nasi, maana hata upepo ulionekana kuogopa lile lango.

Baba yangu, Aabo, hakuwemo. Amri ilipotoka alikuwa mbali na ngamia upande wa Diff, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kumwita. Mama yangu, Hooyo, alikuwa mjamzito. Tuliobaki tulikuwa sisi watatu, mimi, Hooyo, na Ayeeyo, yaani bibi yangu, mama yake Aabo, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Tulichokuwa tukikisubiri kutwa kucha ni kimoja: Aabo yuko hai au la.

Kengele hii ilikuwa ya Suban, ngamia jike aliyewaongoza wenzake. Aabo aliichonga mwenyewe, na kwa upande mmoja kisu kilimponyoka, ubao ukatoka mwembamba kuliko wa upande wa pili. Kwa hiyo haikulia kama kengele za watu wengine. Ilikohoa. Majirani walimtania, "Ngamia wako ana kifua kikuu?" naye alijibu kwamba hata Suban akijificha ahera atamjua. Kwa Ayeeyo kengele ile ndiyo iliyokuwa macho. Zamani zile za uhuru wetu angeinua kidole na kusema, "Wamefika korongoni," akatia sufuria motoni, na sisi wenye macho hatujaona hata vumbi. Ndani ya uzio aliketi kila alasiri sikio likielekea Diff, na hakusema kitu. Mimi nilidhani masikio nayo yamezeeka.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka Ukambani, Mwalimu Nzioka. Wazee hawakumwamini kwa sababu alikuja na askari, na askari walimcheka kwa sababu alikaa nasi. Yeye pia hakuweza kutoka ila kwa msafara wa malori. Jumapili aliimba nyimbo za kanisani peke yake, mlango ameufunga, na sisi tulisikiliza kwenye matundu ya misumari tukifinyana tusicheke. Leo namwonea huruma. Alikuwa na upweke wa kumtoa mtu machozi, na nadhani ndiyo maana alituambia mambo makubwa kuliko umri wetu.

Siku moja alikuja darasani na kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungiwa sukari. "Huko ng'ambo," alisema, "kuna mashine inaitwa ubongo wa umeme. Sasa ni kubwa kama nyumba. Lakini itapungua, itapungua, mpaka itoshe mfukoni." Akatueleza siku zitakavyokuwa. Mtu atakaa kwake na kuuona uso wa ndugu yake aliye Banissa, wazungumze kama wamekaa mkeka mmoja. Mgonjwa atasema maradhi yake na daktari wa mbali atamjibu. Mchungaji ataiuliza mashine mvua imenyesha wapi. Hapo darasa zima lilicheka, maana kwetu mvua hutafutwa na mtu mwenye miguu na akili, anayetumwa mbele kuangalia malisho, na hatukuona sanduku litamshindaje. Mwalimu naye alicheka. Kisha akasema, "Na ukitaka kujua mtu yuko wapi, unaiambia jina lake tu. Inakuonyesha."

Mimi sikucheka. Nilisimama. "Mwalimu, hata mtu akiwa borini?"

"Hata akiwa porini."

"Na itafika lini?"

"Itafika," alisema. "Nyinyi mtaiona kwa macho yenu."

Mtoto aliyefungiwa hajui miaka. Kwangu kila kitu kilichokuja kilikuja kwa lori: unga, chumvi, askari wapya, mwalimu mwenyewe. Kwa hiyo nilianza kusubiri ubongo wa umeme langoni, na kila lori lilipoingia nilitafuta kitu kikubwa kama nyumba chini ya turubai. Halafu siku moja nikaona kwamba kumbe umeshafika. Karibu na lango palikuwa na hema la askari lenye mlingoti mrefu wa chuma na nyaya, na ndani yake sanduku lililopiga miluzi, likatoa sauti ya mtu ambaye hayupo, na askari akamjibu. Ningefikiri nini kingine? Nilikasirika, niliona tumenyimwa. Wanayo na hawatuambii.

Nikaenda kusimama usawa wa mlingoti, upande wetu wa miba, nikaiambia jina la Aabo. Lakini jina tupu kwetu halitoshi, maana ukiita Abdi wanageuka nusu ya wanaume. Mtoto wa Kisomali hufundishwa baba zake kabla ya kufundishwa kuhesabu, ili popote atakapoulizwa yeye ni nani asibabaike. Nikaanza polepole, kama anavyojibiwa mzee: Abdi mwana wa Gedi, Gedi mwana wa Roble, Roble mwana wa Warsame, nikapanda hivyo hivyo hadi babu wa mwisho niliyemjua, nikarudia, mashine isije ikakosea mtu. Askari mmoja aliyekuwa akimenya viazi alinicheka. "We kasichana, unaswali saa hii? Endelea, utuombee na sisi."

Wanawake wa foleni ya maji wakampelekea Ayeeyo habari. Alikuja akipapasa kwa fimbo, akanifunika mdomo kwa kiganja chake kikavu, akanikokota hadi nyumbani. Nilimweleza yote ya Mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Unajua kwa nini siisikii kengele ya Suban?"

"Masikio yamezeeka, Ayeeyo."

Alicheka. Ndani ya uzio ule nilimwona akicheka mara hiyo tu. "Masikio yangu yanamsikia mchwa akitafuna mkeka. Baba yako amejaza nyasi ndani ya kengele, mjinga wewe."

Akanieleza kile ambacho kila mchungaji anakijua. Kukiwa na vita au wezi wa mifugo, mtu hushindilia nyasi kavu ndani ya kengele mpaka ulimi wake usiguse ubao. Ngamia wanapita kimya, na anayewawinda anabaki na upepo. "Mimi kila siku naketi pale nisikie kwamba hakuna kitu," alisema. "Nikisikia kimya, najua mwanangu yupo. Na wewe unasimama langoni unawapa askari jina lake na baba zake wote." Nililia kwa uchungu. Nilikuwa nimeamini nimepata njia ya kututoa mle.

Kesho yake alinituma nimwite Mwalimu. Tulimpa chai isiyo na maziwa, na Hooyo aligeuza uso kwa aibu, mke wa mwenye ngamia kumpa mgeni chai ya rangi. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Ayeeyo aliuliza kwa Kisomali, mimi nikageuza kwa Kiswahili changu cha darasa la kwanza.

"Anauliza, hiyo mashine, mtu akiiuliza mtu fulani yuko wapi, inajua kama anamtafuta kwa kumpenda ama anamtafuta kumuua?"

Mwalimu aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kudanganya, nampa haki yake. "Mwambie bibi haitajua," alisema. "Itamjibu yeyote anayeuliza."

"Basi ichelewe," alisema Ayeeyo.

Hooyo alijifungua mtoto wa kiume kiangazi kilipokuwa kimekaza. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, hatoki, ubani unafukizwa, wanawake wanaingia na kutoka. Uzio ndani ya uzio. Usiku Hooyo alimwambia mtoto, akidhani nimelala, kwamba baba yake anajua kuhesabu miezi, atakuja. Nilimsikia pia Ayeeyo akimjibu kutoka kwenye giza la upande wa pili, "Usimwite. Hata kwa moyo usimwite." Nilimtaka Aabo, na nilikuwa nimekatazwa hata kumtaka.

Arobaini haikuwa imeisha bado. Ilikuwa alasiri, filimbi haijapigwa, mimi nikisuka kamba karibu na Ayeeyo kwenye uzio. Aliinua kidole. Uso wake sikuwahi kuuona vile, ulikuwa kama wa mtu aliyeungua. "Suban," alisema.

Nikasikia na mimi. Ile ile, inakohoa, kutoka upande wa miti ya mikoma, kule mtoni. Nilitupa kamba nikakimbia kandokando ya miba nikipiga kelele, "Aabo! Mashine imemleta! Aabo amekuja!" Watoto wengine walinifuata bila kujua tunakimbilia nini. Kengele ilikuwa inakuja kwa mwendo wa kawaida kabisa, mwendo wa jioni za zamani, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, wala siku ya harusi yangu.

Vumbi lilifika kwanza, kisha Suban, kisha wenzake. Nyuma yao walikuwa askari, bunduki mabegani, wakiwapiga kwa fimbo. Nikainama nitazame chini ya matumbo ya ngamia, kati ya ile miguu mingi, nikitafuta ndala za ngozi za Aabo. Miguu yote ya watu ilikuwa na viatu vya askari.

Hooyo alitoka na arobaini yake, kichwa wazi, mtoto begani. Akaenda hadi langoni akashika mti wa lango. "Afande! Hii ngamia ya mimi. Bwana yangu wabi?"

"Tumekuta ngamia peke yake, mama."

"Hii ngamia habana tembea beke yake, wallahi! Mwenyewe wabi?"

"Mama, rudi nyuma."

"Nionyeshe yeye tu. Nionyeshe tu, mimi narudi nyuma."

"Nimesema rudi nyuma!" Filimbi ikapigwa, lango likafungwa, na wanawake wakamshika Hooyo wakamrudisha ndani alikotoka. Hakulia mbele ya askari. Mimi nililia kwa niaba yetu sote.

Ngamia waliwekwa kwenye zizi la kambi, kisha wakapelekwa mjini, hatukuwaona tena. Dua la kuku halimpati mwewe, na wazee wetu walipokwenda kuuliza habari za Aabo waliambiwa jibu lile lile. Aliyekwenda baada yao ni Mwalimu Nzioka, bila kutumwa na mtu. Alikaa kambini asubuhi nzima. Alirudi na kengele peke yake, akamkabidhi Ayeeyo kwa mikono miwili, kama alivyopokea chai. "Nimeomba zaidi ya hii," alisema. "Hii ndiyo niliyopewa."

Ayeeyo aliinusa. Aliipapasa nje, akaupata ule upande mwembamba. Kisha akaingiza vidole ndani, akavipitisha kila kona, akavitoa, akavinusa, akaviingiza tena. Kengele ikakohoa mle ndani ya nyumba, na Hooyo akajifunika masikio.

"Hakuna nyasi," alisema Ayeeyo.

"Zimedondoka," nikasema.

"Nyasi za mwanangu hazidondoki. Anashindilia kwa kidole gumba, nilimfundisha mimi. Hizi zimetolewa. Alifika karibu. Alitaka tusikie."

Mwalimu aliniuliza bibi anasema nini. Nikamgeuzia, "Anasema baba alitoa nyasi ili sisi tujue amekuja." Mwalimu alielewa kabla yangu kwamba askari nao waliisikia. Alichuchumaa pale mlangoni, akaweka mikono usoni, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mimi nilimshangaa. Nilichokisikia mimi ni kwamba Aabo yuko karibu. Kwa muda mrefu baada ya hapo niliamini amejificha kwenye mikoma anasubiri jibu, na kwamba tungeitikisa tu ile kengele kwenye uzio angeitika. Ayeeyo lazima alikisoma kichwa changu. Alichomoa nyasi kutoka kwenye mkeka wa ukuta, akazishindilia ndani ya kengele kwa kidole gumba, akaitundika juu, nisipofika.

Lango lilikuja kufunguliwa, kama malango yote. Ayeeyo alikuwa ameshazikwa ndani ya uzio, na Mwalimu alihamishwa kwa msafara bila kupata nafasi ya kutuaga. Ndugu yangu alikua bila kujua sauti ya baba yake. Mkiniuliza Aabo alikufa lini na wapi, sijui. Mwaka jana nilimwambia Hodan aiulize simu yake. Aliandika jina lote, hadi Warsame, na simu ikatoa daktari wa Kanada, mcheza mpira, na kijana mmoja wa kuuza magari. Niliwatazama wote nyuso zao, mmoja mmoja. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na yote aliyosema Mwalimu nimeyaona: naongea na mwanangu wa ng'ambo nikimwona anakunywa chai, na wachungaji wanaambiwa mvua iko wapi. Ila yule niliyemtafuta, mashine haimjui.

Leo Hodan amepiga tena. "Ayeeyo, bado hujabonyeza? Unaogopa nini, kwani? Ni mimi tu nitaona."

"Una hakika ni wewe tu?"

"Wallahi, Ayeeyo. Mimi tu." Kisha sauti yake ikabadilika. "Siku ile ya daraja sikulala. Nilikuwa naona tu mto."

Nimemwambia asubiri. Nimepanda kwenye kiti, jambo nililokatazwa na daktari, nikaishusha kengele. Nyasi za Ayeeyo zilikuwa zimekuwa vumbi la manjano, lakini zilishika. Nimezichimbua kwa kidole mpaka kengele ikawa tupu, na niliposhuka ikakohoa mkononi mwangu. Nikakaa kitandani, nikabonyeza.

"Nakuona!" akapiga kelele Hodan kutoka Nairobi, kwa furaha ya mtoto. "Ayeeyo, nakuona! Uko Galbet, uko nyumbani!"

Nami nikageuka kutazama mlangoni, kama kuna mwingine aliyeisikia kengele.